Mkono Uliobaki Mkavu

Wapendwa, naomba mniazime mikono yenu ya kulia. Iinueni kidogo. Haya, ishusheni, tutaihitaji tena.

Kulikuwa na bwana mmoja huko Uskoti, mpakani na Uingereza, zaidi ya miaka mia nne iliyopita. Nikisema bwana, msifikirie jumba la dhahabu. Alikaa kwenye mnara wa mawe: chini ng'ombe, juu watu, na harufu ilipanda ngazi bila kubisha hodi. Nusu ya ng'ombe hao walikuwa wa jirani wa ng'ambo ya mto. Jirani naye alikuwa na nusu ya ng'ombe wa huyu. Waliibiana tangu enzi za mababu, wakauana kwa ajili hiyo, na hakuna aliyekumbuka ng'ombe wa kwanza alikuwa wa nani.

Ukoo huo ulikuwa na desturi. Mtoto wa kiume akipelekwa kubatizwa, mkono wake wa kulia ulifungwa kitambaa cha sufu na kushikwa juu, usiguswe na maji. Kwa nini? Mwili wote ulikuwa wa Mungu; mkono ule ulikuwa wa jirani. Mkono usiobatizwa, walisema, unaweza kuua na mwenyewe asihesabiwe dhambi.

Mnacheka? Subirini. Padri alimuuliza bwana yule, "Nani amechoma ghala la jirani yako?"

"Padri, mimi nimebatizwa," akajibu. "Labda ni mkono."

Bwana akapata mwana, mkono ukafungwa. Yakaja Matengenezo ya Kanisa. Padri akaondoka, akaja mchungaji. Kilatini kikaondoka. Sanamu zikaondoka. Kitambaa hakikuondoka. Mjukuu alipozaliwa, watoto hawakuzamishwa tena. Mchungaji alidondosha matone matatu tu kwenye paji la uso. Mkono ulikuwa mbali na maji kama Dodoma ilivyo mbali na bahari. Wakaufunga vilevile, safari hii mara mbili.

Siku moja mama wa mtoto huyo akamwendea mkwewe, yule bwana mzee.

"Baba, mtoto ana shoto."

"Shoto? Tangu lini ukoo huu ukawa na shoto?"

"Tangu uji wa leo asubuhi."

Wakamfunga kijiko kwenye mkono wa kulia. Uji ukaingia sikioni. Wakamwacha. Mtoto akakua, akajifunza upanga kwa kushoto, na hakuna hata mmoja aliyekaa chini akafikiri maana yake ni nini. Kisha baba yake akauawa na jirani wa ng'ambo. Akabaki kijana huyo na babu yake, na kisasi.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, mto umejaa, walipomkuta mwana wa jirani katikati ya maji. Farasi wake alikuwa ameteleza na kumwangukia mguuni. Kilichoonekana ni kichwa tu, na maji yalikuwa yanapanda.

"Piga, mjukuu wangu!" babu akapaza sauti kutoka ukingoni. "Piga kabla maji hayajatutangulia!"

Kijana akasogeza farasi wake mpaka pale, akachomoa upanga kwa kushoto, akauinua. Akasita.

"Babu, huu umebatizwa."

"Nini?"

"Mkono huu wa kushoto. Haukufungwa. Ni wa Mungu."

"Basi tumia ule mkavu!"

Akahamishia upanga kulia. Upanga ukayumba, ukakata unyoya wa kofia yake mwenyewe.

Yule aliyenaswa majini akaona mambo yanaharibika. "Ndugu yangu, nakuomba, tumia wa kushoto! Huo mwingine utaniua wiki nzima!"

"Piga kwa wowote!" babu akafoka. "Yale yalikuwa maji tu! Matone matatu!"

Kijana akageuka. "Babu, kama yalikuwa maji tu, mkono wangu mliufungia nini?"

 

Kijana akaurudisha upanga alani. Akashika hatamu kwa kushoto, mkono wenye nguvu, akainama na kuuzamisha ule wa kulia mpaka begani, akimpapasa yule mtu majini.

"Mkono!" babu akapiga kelele. "Mkono unalowa!"

"Unalowa, Babu," kijana akasema. Akavuta.

Sasa, wapendwa, sisi hatuibi ng'ombe. Sisi tulibatizwa, vyeti tunavyo, na picha tulipiga. Lakini tulizama wazima? Kuna aliyeacha nje kidole gumba, kile kinachoandika kwenye kundi la ukoo maneno ambayo mdomo wake usingethubutu kuyasema hapa. Kuna aliyesamehe watu wote duniani, isipokuwa shemeji. Tumevifunga vitambaa vizuri, mara mbili. Tukiulizwa tunasema, "Ndivyo ukoo wetu ulivyo, sisi hatusahau." Hatusahau? Nani kati yetu anamkumbuka ng'ombe wa kwanza?

Haya, ile mikono niliyoiazima. Kiswahili kinauita mkono wa kulia kwa sababu ndio tunaolia chakula. Ndio huo huo tunaosalimiana nao. Inukeni, kila mmoja ampe mwenzake.

Naona baadhi yenu mmegeukia upande ulio rahisi. Si huyo. Ni yule uliyemkwepa ukahama benchi asubuhi hii. Huyo ndiye wa ng'ambo ya mto. Mfuate alipo, wimbo utatusubiri.