Aliyekaa Kungoja Zamu Yake

Mtu mmoja alikuwa na zamu ya maji kila Alhamisi. Aliitwa Senyagwa. Alikuwa na shamba la maharage kwenye mteremko, mke aitwaye Nakiete, na fimbo moja ndefu aliyoitunza darini. Juu ya shamba kulikuwa na chemchemi, chini ya chemchemi lambo la udongo lililochimbwa na babu zao, na kutoka lamboni mfereji ulishuka ukilisha kaya arobaini na mbili, sita kila siku. Kila Oktoba, maji yanapokuwa machache kuliko wakati wowote, Senyagwa aliichomeka fimbo katikati ya lambo akachonga alama kwa kisu pale maji yalipofika. Alama zilikuwa ishirini na sita. Kila moja ilikuwa chini ya ile ya mwaka uliotangulia.

Mwalimu wake wa Kiingereza nilikuwa mimi. Nalisema hili mwanzoni ili msidhani nawasimulia makosa ya mtu mwingine.

Watu wa mfereji ule walikuwa na sheria yao ya kugombana. Wawili wakikosana juu ya maji, hakuna aliyeruhusiwa kujitetea. Kwanza ulikwenda shambani kwa mwenzako, ukasimama kwenye udongo wake, ukaona kwa macho yako mimea yake inavyonyauka. Kisha mbele ya watu ulimsemea yeye, shida yake na hoja yake na uchungu wake, bila kupunguza neno, mpaka mwenyewe akakiri kwamba umemsemea. Hapo ulikaa. Naye aliinuka akakusemea wewe vilevile, ndipo maji yakagawanywa. Aliyejisemea mwenyewe alionekana hana haya, kama mtu anayejipakulia nyama kwenye harusi ya watu. Senyagwa alikulia katika sheria hiyo, na hakuijua nyingine.

Siku moja likabandikwa tangazo kwenye mlango wa ofisi ya kijiji. Wafadhili wa ng'ambo walikuwa tayari kujenga bomba la kupeleka maji ya chemchemi kwenye mji ulioko tambarare. Mwenye hoja ya kuunga mkono au ya kupinga aiandike kwa Kiingereza, kurasa zisizidi mbili, katika siku ishirini na moja. Katika kijiji kizima walioweza kujaribu jambo kama hilo walikuwa wanafunzi wangu kumi na mmoja wa darasa la watu wazima, na kati yao aliyeweza kuandika ukurasa mzima bila kukwama alikuwa mmoja tu. Kijiji kikamchagua Senyagwa. Akikosea yeye, mfereji ungekauka, na kila mtu alilijua hilo, naye alilijua kuliko wote.

Wiki ile niliwafundisha insha ya hoja. Niliwaambia kwamba msomaji hamwamini mtu anayejifanya haoni upande wa pili. Mwandike mpinzani wako kwa heshima. Mpe hoja yake iliyo na nguvu kuliko zote, mpe na mfano ulio hai, mpaka yeye mwenyewe akisoma aseme ndivyo. Halafu umjibu. Neno hilo la mwisho nililisema nikiwa nafuta ubao, kwa sababu muda ulikuwa umekwisha na mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati. Senyagwa alikuwa anatabasamu. Alidhani Wazungu nao wana sheria ya mfereji. Kwake yeye, kujibu ilikuwa kazi ya siku nyingine, baada ya mwenzako kuinuka na kukusemea.

Alifanya kama alivyofunzwa na baba yake. Alishuka mjini, akakaa siku mbili kwa binamu. Alipanga foleni ya maji tangu alfajiri nyuma ya mwanamke aliyembeba mtoto mwenye homa, na zamu ya mwanamke ilipofika maji ya bomba yalikuwa yamekwisha kukatika. Aliona hospitali inafua mashuka kwa maji ya boza, yale yanayouzwa kwa lori. Aliona shule iliyofunga vyoo vyake. Akarudi mlimani, akaandika siku tano, akafuta, akaandika tena. Alipomaliza alimsomea Nakiete kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, na Nakiete akamlilia yule mtoto asiyemjua.

Kisha Nakiete akauliza, "Baba Tumsifu, na fimbo je? Mbona sijaisikia?"

"Zamu yetu haijafika, mama. Kwanza waridhike kwamba tumewasikia."

"Karatasi ikishaondoka, inarudi?"

Senyagwa akamwambia subira huvuta heri. Alikuwa na mengi ya kusema, na yote alikuwa ameyapanga kichwani. Alijua chemchemi ile haiwezi kubeba mfereji na bomba pamoja. Alijua kwamba bonde la pili lina mto usiokauka, ambao bomba lingeweza kuufikia bila kumwua mtu. Alikuwa na alama ishirini na sita za kuthibitisha. Hakuandika hata moja. Chini ya ukurasa wa pili aliandika kwamba amekwisha kuwasemea jirani zake wa tambarare kwa uaminifu, na kwamba sasa anakaa.

Akaniletea niikague kabla hajainakili upya. Sisi walimu tunaipenda kalamu nyekundu kuliko tunavyopenda kusoma. Nilimrekebishia vitenzi. Niliweka nukta mahali palipokosa nukta. Nilifurahi, kwa kweli, maana katika miaka yangu yote ya kufundisha sikuwahi kupata mwanafunzi aliyeueleza upande wa pili kwa haki namna ile. Wengine wote huandika kama watu wanaogombania kiti. Ile sentensi ya kukaa niliiona ni ya kupendeza, nikacheka kidogo. Nikaandika chini yake kwamba ni kazi nzuri sana. Sikuona kwamba nimesoma insha nzima na mwenye insha hayumo ndani yake.

Baada ya miezi minne mjumbe wa wafadhili alikuja. Watu walikusanyika kwenye uwanja wa shule, na Senyagwa alikuja na fimbo yake, amevaa koti alilofungia ndoa. Aliamini kwamba leo ndiyo zamu. Aliamini kwamba watu hawa wamesimama kwenye udongo wa kijiji, wameliona lambo, na sasa wataanza kumsemea.

Mjumbe alikuwa mtu wa adabu. Alisema walipokea barua tisa. Nane zilitoka mjini, na zote zilijisemea zenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna hata moja iliyotaja kwamba mlimani kuna watu. Ya tisa ilitoka hapa. Hiyo, alisema, ndiyo iliyowagusa wafadhili kuliko zote, na ndiyo iliyomaliza ubishi uliokuwapo kati yao, kwa kuwa hata wenye chemchemi wameona kwamba mji unastahili maji. Akaisoma kwa Kiswahili mbele ya watu wote, foleni, homa, mashuka ya hospitali, vyoo vya shule. Akakishukuru kijiji kwa moyo wake. Kisha akafunga faili.

Watu walimgeukia Senyagwa. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini kwamba kumbe zile siku mbili za mjini alikwenda kupokea chake. Senyagwa hakumsikia, au alisikia asijali. Alikuwa bado anamwangalia mjumbe, akingoja sehemu iliyobaki. Alipoona mjumbe anachukua kofia yake, alisimama na fimbo mkononi.

"Mimi nilikaa ili ninyi msimame," alisema.

Mjumbe hakuelewa. Alimwangalia mwenyekiti wa kijiji, akajibu kwa upole kwamba muda wa maoni ulikwisha siku ya ishirini na moja.

Mimi nilikuwa nimekaa benchi la tatu. Katika uwanja ule wote mtu aliyeelewa sheria zote mbili, ya mfereji na ya insha, alikuwa mmoja tu, naye ni mimi. Ningeweza kusimama nikasema kwamba karatasi ile ni nusu, na nusu nyingine iko kwenye fimbo ya mtu huyu, na aliyeipitisha ikiwa nusu ni mwalimu wake. Sikusimama. Niliona haya kuonekana mwalimu asiyejua kufundisha, na haya hiyo ikawa na nguvu kuliko kaya arobaini na mbili. Nimejaribu kujisamehe. Sijaweza, na siku hizi sijaribu tena.

Bomba lilijengwa. Mji ulikunywa miaka miwili. Mfereji ulikauka mwezi wa tatu tangu bomba lifunguliwe, na watu wa mteremkoni wakaanza kuuza mbuzi, kisha mashamba. Oktoba ya tatu chemchemi yenyewe ikakoma, na mabomba ya mjini yakatoa upepo. Wahandisi walipanda mlimani wakauliza kama kuna mtu aliyewahi kupima maji ya kiangazi. Hakuna aliyewatajia fimbo. Kijiji kilikuwa kimeacha kuzungumza na Senyagwa, naye hakuwa mtu wa kujisemea. Nakiete alihamia mjini kwa mtoto wao Tumsifu. Anapanga foleni ya boza kama yule mwanamke wa kwenye insha, na pengine wamewahi kusimama mmoja nyuma ya mwenzake.

Senyagwa bado yupo. Kila Alhamisi anapanda hadi lamboni, anafungua kizibo cha mfereji, anakaa ukingoni. Nilimfuata mara moja kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kunieleza jinsi ilivyokuwa vigumu kwangu siku ile darasani, na mvua, na muda uliokuwa umekwisha, na wanafunzi kumi na mmoja. Alinisemea vizuri kuliko nilivyojisemea. Alipomaliza, nilijua kwamba anangoja niinuke nimsemee yeye. Niliinuka, lakini sikumsemea. Nilishuka mlima bila kuaga.

Rasimu ile ninayo hapa mezani, na wino wangu mwekundu juu yake. Haina kosa hata moja. Basi nawauliza ninyi mnaoshika kalamu leo: ukishaandika neno la mwisho ukakaa, ndani ya karatasi yako atakuwa amebaki nani wa kusimama badala yako?