Mlango wa Mbele wa Kasesya

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Maana yake ni kwamba anayeuliza jambo asilolijua hajidhalilishi. Anayejidhalilisha ni yule anayenyamaza kwa aibu mpaka yamfike. Methali hii ni fupi, lakini kwa mtu mwenye haya huwa ndefu kama safari. Epifania aliijua tangu darasa la tatu. Ilimchukua miaka zaidi ya ishirini kuitumia.

Epifania alikuwa fundi cherehani huko Majengo, mjini Sumbawanga. Mikono yake ilikuwa myepesi, ulimi wake mzito. Mteja akikaa miezi miwili bila kuja kuchukua sare ya mtoto, aliyeona haya ni Epifania. Cherehani yake ya umeme, ile inayodarizi, aliipata kwa kulima ulezi misimu mitatu kijijini kwao Kate. Hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake mgonjwa.

Mwezi wa Februari, mwanamume aliyejiita Benjamini alimwandikia kwenye simu. Alisema amefiwa na mke, na anaishi Mbala, ng'ambo ya mpaka, upande wa Zambia. Angekuwa mtu wa mbali, Epifania asingemjibu. Lakini Benjamini alimtumia sauti yake akimsalimu kwa Kimambwe, na Kimambwe na Kifipa, lugha ya Epifania, ni kama mtu na mdogo wake. Epifania aliisikiliza salamu ile mara nne huku akitabasamu peke yake. Alihisi ameamkiwa na mtu wa kwao, jikoni, asubuhi ya baridi. Hapo ndipo alipokosea: aliichukua lugha akaifanya ukoo.

Mwezi wa Mei, akiwa ameshamchumbia kwa simu, Benjamini alimwita. "Nimekupatia kibanda sokoni," alisema. "Njoo na cherehani yako. Pale Kasesya usipite ofisi ya mpakani, watakusumbua kwa ushuru. Mtu wangu wa bodaboda atakuvusha kwa njia ya porini. Hati yako ya kusafiria mpe yeye, akuandikishie huku. Tena usimwambie mtu. Nataka tuwashangaze."

Epifania alimwambia mtu mmoja tu, jirani yake Sayi, mama wa Kisukuma aliyeuza maziwa mlango wa pili. Wazazi wa Sayi walihamia Rukwa na ng'ombe wao kabla hajazaliwa.

"Huyo mchumba umemwona?" Sayi aliuliza.

"Nina picha zake."

"Picha hata mimi ninazo, za wakati nina kiuno. Muulize anakaa na nani, anasali wapi, nani anamjua. Kwetu ng'ombe hanunuliwi mpaka aonekane zizini."

"Nitamuulizaje, dada Sayi? Atanuna, aone simwamini."

"Ng'ombe akiangaliwa meno hununa?"

Epifania alicheka. Jioni ile aliandika swali, akalifuta. Akaliandika tena, akalifuta. Siku ya Jumanne alifunga cherehani kwa kitenge, akamwacha mama yake kwa Sayi, akaondoka.

Kasesya ilikuwa tulivu. Malori yalipanga foleni, na upepo wa uwandani ulipeperusha vumbi jepesi. Mwanamume mwenye koti la kahawia alimsogelea na pikipiki yake. Alimwita kwa jina.

"Lete mzigo niufunge, shemeji. Na hati."

Epifania aliishika hati yake kifuani. "Kwa nini uishike wewe?" aliuliza hatimaye, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe aliisikia kwa shida.

"Maswali ya nini? Mwenzio anangoja."

Alitazama njia ya porini, kisha akatazama ofisi iliyokuwa upande wa pili wa barabara. Angejitia kwenye majani yale, maisha yake yote, yaliyofungwa kwenye kitenge, yangekuwa mikononi mwa mtu asiyetaka kuulizwa. "Ngoja nikaulize jambo," alisema, akaibeba cherehani yake na kuvuka barabara.

Ofisini alikuwepo ofisa mmoja wa makamo, Bundala.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Karibu, keti. Na hiyo nayo inasafiri?"

"Naomba kuuliza swali la kijinga," Epifania alisema, macho yakiwa sakafuni.

"Hapa nimeshaulizwa kama kuku anahitaji pasipoti. Uliza tu."

Akaeleza yote. Bundala hakucheka. "Mpigie simu ya video, muonane uso kwa uso," alisema. "Mwambie aje akupokee langoni mchana huu, mbele ya watu. Anayekungoja kwa mapenzi haogopi mlango wa mbele."

Epifania alipiga. Benjamini alikata, kisha akapiga mwenyewe bila video.

"Nasikia umeingia ofisini. Unafanya nini huko?"

"Nauliza njia. Njoo unipokee langoni."

"Niko kazini."

"Nitangoja."

"Kwa hiyo huniamini? Hunipendi?"

Epifania alitamani kuomba radhi, kama alivyozoea. Badala yake akasema, "Benjamini, katekista wa kanisa lenu anaitwa nani?"

Mtu yule alimtukana kwa Kiswahili cha mjini, fasaha kabisa, bila chembe ya lafudhi ya Kimambwe. Simu ikakatika, na namba haikupatikana tena. Nje, mtu wa pikipiki alikuwa ameshatoweka.

Epifania alilia kidogo. Bundala alimmiminia chai, akamngoja amalize. "Hati yako usimpe mtu, isipokuwa ofisa aliye dirishani, na akurudishie palepale," alimwambia. "Na ukisafiri siku nyingine, watu wa nyumbani wajue unakwenda wapi na kwa nani."

Wiki mbili baadaye Bundala alimpigia simu, akimwomba afike kituoni Matai kuwasikilizisha polisi ile sauti ya salamu. Huko Epifania alimkuta mwanamke wa kijiji cha Mwimbi aitwaye Salome. Salome alikuwa amepita njia ya porini kwa ahadi zilezile. Aliachwa siku tatu kwenye nyumba ya wageni, bila simu, bila hati, bila mabelo ya nguo za biashara yake, mpaka polisi wa upande ule walipomsaidia kurudi. Sauti ilipochezwa, aliinamisha uso.

"Ni yeye," alisema. "Nilikuwa na swali mdomoni, dada. Nikalimeza, nisionekane mshamba."

Polisi wakaandika. Walipotoka nje, wanawake wale wawili walikaa kwenye benchi, kila mmoja na haya yake. Epifania akamgeukia mwenzake.

"Umekula?" aliuliza.

Salome akatikisa kichwa, na machozi yaliyomkatalia siku zote zile yakamtoka. Epifania akamshika mkono, wakaenda kutafuta chakula, huku akimwambia polepole neno ambalo sasa alilijua kwa moyo wake: kuuliza si ujinga.