Sifa Hazina Kibali

Mwaka ule jua liliwaka mpaka kobe wakatamani kuvua magamba. Mito ilikauka, mabwawa yakakauka, kikabaki kisima kimoja tu, mlangoni mwa pango la Simba. Bi Kanga alikwenda kunywa na vifaranga wake kumi na wawili, akarudi na kumi na mmoja. Kesho yake, kumi.

Walipobaki wanane hakuhitaji mganga wa kumpigia ramli. Manyoya yalining'inia kwenye masharubu ya Fisi.

Shida ilikuwa kusema. Simba alipenda usingizi na heshima, na kwa ajili ya vyote viwili alikuwa amepiga marufuku maneno kisimani. Mwenye neno aombe kibali. Na mtoa vibali ni nani? Fisi huyohuyo, Mkuu wa Idara ya Vinywa.

Bi Kanga akajaza ombi kwenye majani makavu ya mgomba, nakala tatu.

"'Malalamiko dhidi ya Fisi,'" Fisi alisoma, akijilamba. "Mama, hili litapelekwa kwa mhusika."

"Mhusika si wewe?"

"Ndiyo maana halitachelewa. Limekataliwa."

Kanga kunyamaza ni mateso. Maneno yalimjaa shingoni mpaka akaanza kukohoa. Njiani akakutana na Sungura, akamweleza yote kwa pumzi moja.

"Dada, hiyo sheria umeisoma?" Sungura akauliza.

"Nani anasoma sheria?"

"Hata aliyeitunga hajaisoma. Kifungu cha mwisho kinasema: kumsifu Simba na watumishi wake hakuhitaji kibali, siku yoyote, kwa sauti yoyote."

Bi Kanga akamkodolea macho. Kisha akacheka mpaka akakaa chini.

Asubuhi, Simba akiwa amejilaza kando ya kisima, Bi Kanga alipanda juu ya kichuguu.

"Hongera Bwana Fisi!" akapaza sauti. "Sifa kwa meno yako matukufu! Umewameza vifaranga wangu wanne, hukubakiza hata ukucha! Usafi ulioje!"

Fisi akaruka. "Kibali kiko wapi?"

"Nakusifu, baba."

Simba akafumbua jicho moja. "Mwache. Sifa ruksa."

Lo! Kisima kikalipuka kwa pongezi. Ngiri akamshukuru Fisi kwa kumlia mihogo yake yote kabla ya kumpa kibali cha kukohoa. Nyani akapiga makofi kwa miguu. "Na hongera kwa kuonja paja la nyati la Mfalme, kila Mfalme akisinzia!"

Jicho la pili la Simba likafumbuka.

"Mapaja sita!" Sungura akadakia. "Kwa wiki moja! Peke yake! Shujaa!"

Fisi aliweza kuvumilia kuitwa mwizi. Kuhesabiwa nyama ambayo tumbo lake halikuipata, hapana, hilo lilimshinda.

"Sita yametoka wapi?" akafoka. "Waongo wakubwa! Nimekula mawili tu, na moja lilikuwa mifupa mitupu!"

Masikio yote yakamgeukia. Hata nzi walitua.

Fisi akayasikia maneno yake mwenyewe, akachelewa kidogo kuyaelewa, kisha akatimua mbio, Simba nyuma yake. Mbugani hakuonekana tena. Simba alirudi akihema, na manyoya ya mkia wa Fisi mdomoni.

"Mbona hamkuniambia?" akanguruma. "Mwezi mzima nalala njaa, nadhani ni uzee!"

Bi Kanga akawafunika wanane wake kwa mbawa, akajibu bila kuomba ruhusa ya mtu:

"Ulitukataza, Mfalme."

Simba akafikiri, kazi ambayo hakuizoea, nayo ikamchukua hadi adhuhuri. Ndipo akaivunja Idara ya Vinywa. Tangu siku hiyo kisimani ni kelele tupu. Simba halali vizuri, lakini anakula. Na kifaranga akipotea hata nyuma ya jiwe, mbuga nzima huambiwa na mama yake, kisha na jirani, kisha na aliyesikia kwa jirani, mpaka apatikane.

Mficha maradhi, kilio humfichua.