Kamera ya Kuzuia Mlango

Jicho!

— Lipo!

Kidole!

— Kipo!

Jicho lione nini?

— Lione uongo wako!

Ala! Uongo wangu mnautukana, na kila jioni mnaufuata. Haya, sogeeni. Na wewe Shekue, zima hiyo taa ya simu, inaniumiza macho. Nasimulia mara moja tu.

Zamani, ile zamani ya juzijuzi, wanyama walipoanza kupigwa picha harusini, alikuwepo Kiboko. Bonde zima mpiga picha alikuwa yeye, na duka la kamera lilikuwa lake. Kamera yake ilikuwa na lenzi ndefu kama mchi. Akialikwa harusi, kila picha na sahani yake. Kacha! Sahani ya pilau. Kacha! Sahani ya pilau. Ikifika saa nane, wageni wanakwangua masufuria.

Na alikuwepo Pimbi. Mnamjua Pimbi? Yule mdogo wa mawe, hana mkia, kutwa anaota jua. Miaka miwili Pimbi alimbebea Kiboko mikoba. Kiboko akila, Pimbi ndiye anayebonyeza. Zile picha watu walizozisifu, zote ni zake. Na ujira wake? Ukoko! Tena ukoko wa baridi.

Siku moja akachoka. "Mjomba, ahsante kwa ukoko. Naenda kujitegemea."

Kiboko akacheka, ho! ho! ho! "Ujitegemee kwa kamera gani? Ya udongo?"

Pimbi akaitua mikoba. Iliuma, wanangu, msione nacheka. Akaenda zake, akalima karanga, akakaanga, akauza, akaweka akiba makopo matatu ya karanga.

Ndipo akaja Mama Kanga. "Pimbi mwanangu, Jumamosi namwoza binti yangu. Sitaki picha mia. Nataka moja tu, mama yangu na binti yangu pamoja. Bwana Kiboko amepiga harusi zetu tatu, na zote tatu mama ametoka mkia."

"Mkia?"

"Mkia mtupu! Akiiona ile lenzi anadhani bunduki. Sisi kanga tumewindwa sana, mwanangu. Na mama ndiyo huyo, amezeeka. Akiondoka hivi, wajukuu watamjua kwa mkia?" Mama Kanga akajifuta machozi kwa bawa.

"Nitakupigia," akasema Pimbi. Kamera yenyewe hana!

Akabeba kopo moja la karanga, huyo dukani kwa Kiboko. Duka lile lina mlango wa bati. Upepo wa mtoni ukija, mlango bwaaa! Kwa hiyo Kiboko aliuzuia kwa kitu fulani chini, kimejaa vumbi.

Kiboko akatoa dude lake kubwa, akalitua mezani, ndi!

Pimbi akauliza, "Mjomba, hii inapiga vizuri kivulini?"

"Ni kubwa!"

"Na betri yake inadumu?"

"Ni kubwa, na ni nzito!"

"Na bibi kizee akiitazama, haogopi?"

"Ni kubwa, ni nzito, na ni ya wataalamu!"

"Bei yake?"

"Karanga zako zote, na pango lako juu."

Pango lake! Alimozaliwa! Pimbi akainama ili macho yake yasionekane. Alipoinama hivyo, akakiona kile kitu cha mlangoni. Lahaula! Ni kamera! Kamera ndogo aliyoanzia kazi Kiboko, enzi alipokuwa mwembamba. Msicheke, aliwahi kuwa mwembamba.

Pimbi akaanza kuifuta vumbi, kama mtu mwenye adabu tu. Akatazama kioo cha lenzi: hakina mkwaruzo, hakina ukungu. Akafungua mahali pa betri: hakuna kutu. Moyo unamdunda, du-du, du-du. Lakini alimjua Kiboko. Kitu ukikitaka, bei inapanda. Ukikitamani, inapanda tena.

Akafanyaje? Akairudisha chini, akarudi mezani. "Mjomba, nitaichukua hii kubwa. Hebu niivae kwanza." Akajitia mkanda shingoni. Puu! Chali, miguu juu.

"Ho! ho! ho!" Kiboko anacheka hadi meno ya nyuma.

"Mjomba, shingo yangu changa. Ningepata kitu kidogo kidogo cha kufanyia mazoezi, nining'inize, shingo ikomae. Ikikomaa narudi na pango. Sijui hata hilo gogo la mlangoni..."

"Hilo limekufa!"

"Liwe limekufa, mjomba. Shingo haijui."

Kiboko akalitazama lile kopo la karanga. Karanga za kukaanga, zenye chumvi. "Lete kopo, chukua gogo. Fanya mazoezi mchana na usiku!"

"Lakini hiyo kubwa usimuuzie mtu, mjomba!"

"Yako hiyo!"

Pimbi akaondoka anaburuza miguu kama amelemewa. Alipokata kona, mbio!

Nyumbani akachaji betri kwa umeme wa jua. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Akasema moyoni, basi, nimenunua gogo kweli, na Mama Kanga nitamwambia nini? Asubuhi ya tatu, taa ndogo ya kijani ikawaka, ti! Pimbi akalia. Mbele ya jua, bila aibu, akalia.

Jumamosi ikafika. Kanga wamejaa, ngoma zinalia. Kiboko naye huyoo, hakuna aliyemwalika, amefuata harufu. Shingoni dude lake.

Wageni wakamwona Pimbi. "Hicho nini? Kiberiti?" Wakacheka. Hata Mama Kanga akaingiwa na wasiwasi. "Mwanangu, una hakika? Mbona kadogo?"

"Mama, mwache mjomba aanze. Mimi nitamalizia."

Kiboko akasimama katikati. Lenzi ikatoka, vuuum!

"Bundukiii!" akapiga kelele Bibi Kanga, yule mama yake Mama Kanga. Purrr! Chini ya meza! Kanga wote wakaruka, mabenchi yakaanguka, shela la bibi harusi likanasa kwenye ngoma. Kacha!

Wakatazama picha. Mkia.

"Bibi yenu hana nidhamu!" akafoka Kiboko, akaenda zake kwenye pilau.

Pimbi akainama. Akatambaa chini ya meza. Mle mna kivuli, Bibi Kanga anatetemeka, na mjukuu wake bibi harusi amemfuata, amemkumbatia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mwenye bunduki ameondoka?"

"Yuko kwenye pilau."

"Basi hatoki leo." Bibi akashusha pumzi. "Na hicho shingoni mwako ni nini?"

"Hiki? Kizuia mlango."

Bibi akamtazama. "Umekuja harusini na kizuia mlango?"

"Nakomaza shingo, Bibi."

Kekekeke! Bibi Kanga akaangua kicheko. Mjukuu naye kekekeke! Vichwa vikagongana, wakashikana mabawa wasianguke.

Kacha. Sauti ndogo tu, wala hawakuisikia.

Walipotoka, Pimbi akamwonyesha Bibi picha. Bibi akaisogeza, akaitenga mbali, akaisogeza tena.

"Huyu bibi mzuri anayecheka na mjukuu wangu, ni nani?"

"Ni wewe."

Wapiga ngoma wakaja kutazama. Bibi akagusa ile picha kwa mdomo, taratibu.

"Kumbe nina uso," akasema.

Kiboko akaja na sahani mkononi, akachungulia. "We! Hicho si kizuia mlango changu?"

"Ndicho, mjomba. Na shingo inaendelea vizuri."

Wageni wakacheka hadi wakakaa chini. Kiboko akainamisha kichwa. Pimbi akamwona, akamwonea huruma, kwa sababu kuchekwa kule ni ukoko aliowahi kuula yeye. "Mjomba, simama hapo. Maisha yako yote hakuna aliyekupiga picha wewe." Kacha. Iko mpaka leo hiyo picha, na mdomo ameufunga.

Tangu hapo harusi za bonde lile hupigwa na Pimbi. Anakula sahani moja, ananawa mkono. Na Kiboko aliporudi dukani jioni ile, upepo ukaja, mlango bwaaa! Ukampata puani. Akatafuta cha kuuzuia, hakuna. Akavua dude lake shingoni, akaliweka pale chini. Mlango ukatulia tuli. Ni kubwa, ni nzito. Mpaka leo liko hapo.

Basi, funzo lenu ni hili: mtu akitaka kazi ya picha, anunue kamera kubwa kuliko zote, hata auze nyumba. Milango ya siku hizi inabamiza sana.

Jicho!

— Limeona!

Kidole!

— Kimebonyeza!

Basi kalaleni, nami nikafunge mlango wangu.