Mlango wa Nyuma wa Bi Muhanga

Paukwa!

Pakawa!

Shimo!

La nani?

La mwenye kucha!

Haya, sogeeni. Na wewe mwenye wafanyakazi watatu dukani, sogea zaidi, usijifanye umekuja kumsindikiza mtoto.

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa wakichimbiana nyumba, alikuwepo Bi Muhanga. Pua ndefu, masikio marefu, kucha kama majembe. Kazi yake ilikuwa kuchimba mashimo ya kuishi. Akimaliza la huyu, anaanza la yule. Kazi hiyo aliachiwa na mama yake, na mama yake aliachiwa na mama yake.

Mafundi wake walikuwa wanne. Wa kwanza Fuko, ambaye macho yake hayakuona kitu, lakini akinusa udongo anakuambia kama utasimama au utabomoka. Wa pili Kakakuona, wa kutoa udongo nje. Wa tatu Nungunungu, wa kusawazisha kuta kwa miiba yake. Wa nne Nguchiro, wa kutafuta wateja na kuleta maneno. Wote wanne waliishi kwa Bi Muhanga, katika shimo kubwa la kilimani waliloliita karakana.

Na kila nyumba waliyoichimba ilikuwa na milango miwili. Wa mbele wa kuingilia. Wa nyuma wa kukimbilia. Siku ya kukabidhi, Bi Muhanga mwenyewe aliingia kwa mbele, mteja akitazama. Akapotea ndani. Akatokea kwa nyuma. Akajipangusa vumbi, akasema, "Imepitika." Hapo ndipo mteja alipohamia. Bila "imepitika" hakuna nyumba. Na mafundi walikuwa na wimbo wao:

Chimba, chimbua, kwaru kwaru!
Wa kuingilia, kwaru kwaru!
Wa kukimbilia, kwaru kwaru!

Itikieni na nyie. Kwaru kwaru! Vizuri. Wimbo huo mtauhitaji.

Basi mwaka mmoja mvua ilikuwa karibu, na kila mnyama alitaka nyumba. Nguchiro akaja mbio, tifu tifu tifu, pumzi juu juu.

"Mama! Mama Muhanga! Ng'ambo ya kijito Nyegere naye ameanza kuchimba!"

"Anachimba vizuri?"

"Anachimba haraka, Mama. Na anatafuta mafundi."

Moyo wa Bi Muhanga ukafanya paa! Kuanzia siku hiyo hakula akashiba. Alikuwa akimtazama Kakakuona, anawaza, huyu ataondoka. Akimtazama Nungunungu, anawaza, huyu naye ataondoka. Wakichelewa wateja wataondoka, na wateja wakiondoka, mafundi watawafuata. Fundi akipiga chafya, yeye anaruka.

Wakati huo walikuwa wakimchimbia Ngiri. Ngiri alikuwa na mke na watoto watatu, na baba yake Ngiri nyumba yake ilichimbwa na mama yake Bi Muhanga. Mlango wa mbele ulikuwa tayari. Chumba kilikuwa tayari. Wa nyuma ulikuwa haujaanzwa.

"Acheni hapo," Bi Muhanga akasema. "Leo tunakabidhi."

Fuko akainua pua. "Mama, wa kukimbilia bado."

"Tutauchimba mvua ikiisha."

"Na Bwana Ngiri anajua?"

"Fuko, kazi yako ni kunusa udongo. Nusa udongo."

Ngiri akaja na familia yake, anacheka, meno yote nje, ingawa kwa Ngiri meno huwa nje hata akinuna. Bi Muhanga akaingia kwa mbele. Akakaa kidogo gizani mle ndani. Akatoka kwa mbele vilevile.

"Mbona umetokea huku?" Ngiri akauliza.

"Udongo wa nyuma bado mbichi, Bwana Ngiri. Nimeuziba kwa majani ukauke. Msiuguse mpaka mvua ziishe."

"Lakini unapitika?"

Bi Muhanga akasema, "Unapitika."

Sasa nyie mnamjua Ngiri. Ngiri haingii shimoni kama watu. Huingia kinyumenyume, matako kwanza, uso ukitazama nje, ili adui akija amkute na pembe zake za mdomoni. Ukuta wa nyuma hautazami kamwe. Akaingia, mke akaingia, watoto wakaingia, wote kinyumenyume, na wote walikuwa na furaha. Bi Muhanga alilijua jambo hilo la Ngiri. Alilijua na akalitegemea.

Fuko alikuwa amesimama pembeni. Hakuona kitu, lakini alisikia kila neno.

Asubuhi iliyofuata wakapiga wimbo wa kazi. Chimba, chimbua, kwaru kwaru! Sauti zikawa tatu. Bi Muhanga akahesabu vichwa. Kakakuona yupo. Nungunungu yupo. Nguchiro yupo. Fuko hayupo. Kwenye mlango wa nyuma wa karakana palikuwa na nyayo ndogo ndogo, zimetoka, hazikurudi.

"Ameenda kwa Nyegere," Nguchiro akasema. Hakuwa amemwona. Alisema tu, ndiyo desturi yake.

Bi Muhanga akaketi chini. Mnajua fundi wako bora akiondoka bila kukuaga unavyojisikia? Mwenye duka, wewe unajua. Ni aibu, halafu ni hasira, halafu ni woga. Kwake ulibaki woga. Fuko ameondoka. Anayefuata nani?

Akaanza kuwapa zawadi. Kakakuona akapewa kumbikumbi lundo zima, mbawa zimeshatolewa.

"Mama, nimekosa nini?" Kakakuona akauliza.

"Hujakosa kitu, mwanangu. Kula."

Kakakuona akala. Jioni akamwambia Nungunungu, "Ananilisha hivi, nadhani ananifukuza." Nungunungu naye alikuwa amesifiwa mara tano siku hiyo, akawa na wasiwasi huohuo.

Kesho yake Bi Muhanga akaitisha kikao. "Wanangu, sisi hapa ni familia. Kuna mtu ana neno?"

Walikuwa na maneno mengi. Walitaka kusema habari ya nyumba ya Ngiri. Lakini aliyeisema alikuwa hayupo tena, na wao walimwona Mama anavyowatazama miguu kila wakisogea. Wakajibu, "Hatuna, Mama."

Hata hivyo hakutulia. Akisikia kwaru, anauliza, "Anaondoka nani?" Ni panya anapita. Akisikia tena kwaru, "Anaondoka nani?" Ni jani kavu. Mwisho akachoka kuuliza. Siku moja mafundi wakiwa kazini, akabingirisha jiwe, gulu gulu gulu, akalisukumia kwenye mlango wa nyuma wa karakana. Akakandika udongo wa mfinyanzi. Akashindilia kwa matako. Du! Du! Du! Kisha yeye mwenyewe akahamia mlango wa mbele, kila anayetoka ampite.

Mafundi walirudi, wakaona kuna giza.

"Mama, kule nyuma kumekuwaje?"

"Upepo," akasema Bi Muhanga. "Nimeweka majani, upepo usiwapige."

"Upepo gani?" Nungunungu akauliza. Siku hizo hata nyasi hazikutikisika.

Siku ya nane tangu Fuko aondoke, mvua ya kwanza ikanyesha, ikakatika mchana. Jua likatoka. Mafundi walikuwa wamepumzika ndani. Bi Muhanga amekaa mlangoni, masikio wima. Akasikia sauti. Haikuwa kwaru kwaru. Ilikuwa chwaa. Kama matone juu ya majani makavu. Chwaa, chwaa, chwaa. Lakini mvua ilikuwa imekatika.

Akatazama kilima. Kilima kilikuwa kinatembea.

Siafu!

Bi Muhanga hula mchwa, hilo mnalijua. Lakini siafu hawaliwi. Siafu ndio hula. Walikuwa mto mweusi mpana, na kabla hajasimama vizuri walikwisha kuwa miguuni. Mlango wa mbele wote ukawa mweusi. Akarudi ndani mbio, anapiga kelele, "Siafu! Siafu! Tokeni!"

Mafundi wakafanya kile anachofanya kila fundi bila kufikiri. Wakakimbilia mlango wa nyuma. Wa kwanza Nguchiro, akadhani atapita katikati ya majani. Pwa! Akagonga pua.

"Jiwe! Mama, hapa kuna jiwe!"

"Si majani?" Kakakuona akalia.

Chwaa, chwaa, chwaa, siafu wanaingia. Kakakuona akajiviringisha. Nungunungu akasimamisha miiba kwa hofu, ikamchoma Nguchiro, Nguchiro akapiga yowe. Na Bi Muhanga akasema kwa sauti ambayo hawajawahi kuisikia kwake, "Ni mimi. Nimewafungia mimi. Niliogopa mtaondoka. Nipisheni."

Akaliparamia lile jiwe. Halikutikisika, maana alilichagua yeye, na alichagua zito. Akaanza kuchimba pembeni yake. Siafu wakampanda miguu, wakampanda tumbo, wakaingia masikioni, yale masikio marefu. Akachimba. Ukucha mmoja ukang'oka. Akachimba. Nyuma yake mtu akaanza kuimba, sauti inatetemeka. Alikuwa Nungunungu.

Chimba, chimbua, kwaru kwaru!

Itikieni! Kwaru kwaru! Zaidi, wanaumwa hao! Kwaru kwaru!

Udongo ukapasuka. Mwanga ukaingia. Nguchiro akatoka, Nungunungu akatoka, Kakakuona akasukumwa nje akiwa bado mpira, akabingirika bondeni. Bi Muhanga akatoka wa mwisho, amevimba uso mzima.

Hakupumzika. Alitazama mto ule mweusi unakoelekea. Ulikuwa unateremka. Na kule chini kulikuwa na nyumba moja tu, nyumba ya Ngiri. Yenye mlango mmoja.

"Watoto watatu," akasema. Akakimbia. Puku puku puku. Anaanguka, anainuka. Kichwani hakikuwemo kitu ila ile sauti yake mwenyewe, "Unapitika." Puku puku puku. "Unapitika." Laiti angeweza kulimeza neno lile.

Alipofika, mlango wa mbele ulikuwa mweusi wote kwa siafu. Ndani kimya. Bi Muhanga akapiga magoti, akalia kama mtoto, tena kwa sauti.

"Unamlilia nani?" sauti ikatoka nyuma ya kichuguu.

Alikuwa Ngiri. Mbavu zimechubuka pande zote mbili. Mke wake yupo. Watoto, mmoja, wawili, watatu, wapo, wanajikuna. Nyuma yao palikuwa na tundu jembamba, udongo bado mbichi. Na kando ya tundu ameketi Fuko, pua imejaa vumbi, amekonda.

"Fuko! Hukwenda kwa Nyegere?"

"Nilikuwa hapa, Mama. Siku nane. Nimechimba kutoka nje, nikaufikia ukuta leo asubuhi. Mimi ni mdogo, ndiyo maana umekuwa mwembamba."

"Nani alikutuma?"

"Wewe."

"Mimi? Lini?"

"Siku ya kwanza uliponifundisha kazi. Ulisema bila wa kukimbilia si nyumba, ni kaburi. Sijapewa agizo jingine linaloweza kulifuta hilo."

Bi Muhanga akamgeukia Ngiri. "Bwana Ngiri, nilikudanganya. Mlango wa nyuma haukuwepo."

"Mama yako asingenifanyia hivi," Ngiri akasema. Akawakusanya watoto wake. Hakusema amesamehe, na mimi sitawadanganya kwamba alisamehe.

Siafu walipopita, Bi Muhanga akaingia kwa mbele, Ngiri akitazama. Akapotea ndani. Akaupanua mlango wa Fuko kwa kucha zilizobaki, akatokea kwa nyuma, damu inamtiririka. Akajipangusa vumbi.

"Imepitika," akasema. Mara hii ilikuwa kweli.

Kisha akamwambia Fuko, "Rudi nyumbani."

"Mlango wa nyuma wa karakana uko wazi?" Fuko akauliza. Habari za jiwe hakuzijua. Aliuliza tu, kama afanyavyo fundi.

Bi Muhanga akainamisha kichwa. "Nilikuwa nimeuziba. Sasa uko wazi."

"Basi nitafikiria, Mama."

Kesho yake asubuhi Bi Muhanga akawaita watatu waliobaki. Akawaambia, "Anayetaka kwenda kwa Nyegere aende kwa heri. Lile jiwe nimelichimbua usiku, limeondoka." Nguchiro akaenda siku hiyohiyo. Kakakuona akasema atakaa mpaka mvua ziishe, halafu ataona. Nungunungu alichukua udongo akaanza kusawazisha ukuta.

Bi Muhanga akaketi katikati ya karakana, mbali na mlango wa mbele, mbali na mlango wa nyuma. Msidhani woga uliisha. Akasikia nyuma yake, kwaru. Kimya. Kwaru kwaru. Miguu midogo. Kuna anayeondoka, au kuna anayeingia? Shingo ilitaka kugeuka. Masikio yalitaka kugeuka. Hakugeuka. Akaanza kuimba polepole.

Chimba, chimbua.

Na nyuma yake pua iliyozibwa na vumbi ikaitikia, "Kwaru kwaru. Shikamoo, Mama. Udongo wa huku nyuma ni mbovu, tuujenge upya."

"Marahaba, Fuko," akasema. Machozi yakamtoka, akaacha yatoke.

Mafunzo yake ni haya, nayasema waziwazi ili mwenye duka asiseme sikumwambia. Ukiwafungia watu unaofanya nao kazi, hujui nani yuko nawe, na siku ya hatari utawaua. Waachie mlango, kisha ifanye kazi kwa ukweli, ili abaki anayetaka. Na ukiogopa, ogopa, lakini usimdanganye mteja kwa ajili ya woga wako.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni. Mimi nimeingia kwa mbele, nimetokea kwa nyuma. Imepitika.