Lebo ya Betri

Mficha maradhi kifo humuumbua. Maana yake si ngumu: tatizo lisemwe mapema kwa anayeweza kulitibu, kwani likifichwa litajitangaza lenyewe, tena mahali pabaya.

Palikuwa na karani wa ghala ambaye majirani walimbandika jina la Bwana Najua. Siku za mapumziko aliazima gari la mkewe, muuguzi wa maneno machache na macho makali. Gari hilo lilikuwa na ustaarabu wake: likisimama kwenye taa za barabarani, injini hujizima ili kubana mafuta, dereva akiachia breki, hujiwasha. Jumamosi moja Bwana Najua alisikiliza mpira garini hadi betri ikafa kabisa. Aliona haya kumwambia mkewe. Akanunua betri ya kawaida, akabandua lebo ya ile ya zamani na kuibandika kwenye mpya. Alijiona mjanja kuliko sungura.

Baada ya wiki chache injini ikaacha kujizima. Mke akalipeleka gari kwa fundi, mume akimfuata unyounyo. Fundi alikagua mikanda, milango na swichi ya boneti, kisha akapima betri. Ilikuwa imejaa pomoni, maana Bwana Najua aliichaji kwa siri kabla ya kuja.

"Gari hili halitaki betri ya kawaida," fundi alisema akisoma lebo. "Lakini hii ndiyo yenyewe. Shemeji, hamkuibadilisha?"

Ukweli ulimfika Bwana Najua kooni, akaumeza. Mkewe alikuwa amesimama hapohapo.

"Haijaguswa, fundi," alijibu mume. "Mimi ningejua."

"Basi kibovu ni kifaa hiki kinachoipima na kuizuia injini isijizime betri ikichoka." Fundi akabadilisha kifaa hicho, na injini ikaanza tena kujizima kwenye taa.

Wiki iliyofuata mke alikuwa na usaili wa kuwa muuguzi mkuu, nafasi aliyoingojea miaka mingi. Aliendesha gari mwenyewe, mumewe akiketi pembeni. Mvua ilinyesha, hivyo taa na waipa zilikuwa zikifanya kazi. Walipofika kwenye makutano makubwa, injini ikajizima kwa adabu. Taa za barabarani zikageuka kijani. Injini haikuwaka. Honi zikahanikiza nyuma yao. Mke alijaribu kuwasha mara kadhaa. Gari likakohoa kidogo, likanyamaza.

"Umelifanya nini gari langu?"

"Mimi? Sijui."

Hakuna aliyewahi kumsikia akitamka neno hilo. Mke alimtazama, akavua viatu vyake vya usaili, akashuka na kwenda kwa miguu mvuani.

Fundi alipofika na kushika betri, lebo iliyolowa ikamganda kidoleni, na chini yake ikaonekana lebo ya betri ya kawaida.

"Ah, shemeji! Ungeniambia siku ile, ningeweka betri inayofaa, yakaisha."

Bwana Najua aliinamisha kichwa. Aibu ilimla hadi mifupani. Jioni alimweleza mkewe yote bila kuulizwa. Mke alimsikiliza huku akikausha viatu. Alikuwa amefika wasaili wakikusanya karatasi zao, na nafasi amepewa mwingine.

Kweli, mficha maradhi kifo humuumbua.