Picha ya Kutangulia Jeneza

Sogeeni, nyie mnaopenda kubishana. Leo nawaletea ubishi wa msibani, kwa hiyo vicheko tuviache nje.

Huko Usangi aliishi binti aitwaye Naelijwa, ambaye ukiinua tu simu kumpiga picha, anajifunika uso kwa khanga. Watatu walimpenda sana. Mbonea, mchumba wake, alikuwa mpiga picha. Togolai, kaka yake, alikuwa fundi wa kusafisha picha kwenye kompyuta. Nakijwa, shoga yake wa utotoni, hakuwa na kamera wala kompyuta, ila alikuwa hasahau sura ya mtu.

Naelijwa akaugua ghafla, akafa. Kwao, picha ya marehemu hutangulia jeneza, ikibebwa na mtoto wake wa kwanza. Naelijwa hakujaliwa mtoto. Mama yake akasema, "Atakayenirudishia sura ya mwanangu ndiye atakayetangulia."

Picha ilikuwepo moja tu. Mbonea aliipiga kanisani wakati wa mazoezi ya kwaya, umeme umekatika, mshumaa tu unawaka. Flashi ingemshtua Naelijwa ajifunike. Basi akapandisha ISO, ile namba inayoifanya kamera ione penye giza, hadi mwisho, akabana pumzi, akabonyeza. Alimpata akiimba. Lakini picha ilijaa chengachenga, uso kama umemwagiwa mchanga.

Togolai akakaa na picha ile mchana kutwa, machozi yakimsumbua. Akaondoa chenga shavuni, akaondoa kwenye paji, mpaka dada yake akatokea. Akaichapisha, akaitia fremu, akampelekea mama.

Mama akaitazama.

"Mzuri," akasema. "Lakini huyu si mwanangu."

Maskini Togolai. Katika picha ya gizani, chenga na alama za ngozi hufanana, naye alikuwa amezifuta zote.

Ndipo Nakijwa akaketi kando ya Togolai, akamwonyesha kwa kidole. "Hapa chini ya jicho palikuwa na kovu, alianguka tukienda kuteka maji. Hapa puani alikuwa na vidoa. Hiki kikunjo cha mdomo kiache kama kilivyokuwa." Togolai akarudisha alichofuta, kidogo kidogo, pale alipoelekezwa tu.

Mama akaletewa picha ya pili. Aliipakata, akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie.

Sasa jeneza limeshanyanyuliwa. Mbonea anasema bila yeye kusingekuwa na uso wa kusafisha. Togolai anasema bila yeye waombolezaji wangeona mchanga mtupu. Nakijwa anasema tu kwamba wangekuwa wanamzika mtu mwingine. Kila mmoja anataka kumsindikiza Naelijwa akiwa mbele, na nafasi hiyo haitapatikana tena.

Mama amesimama mlangoni na fremu kifuani. Wabebaji wanamngoja yeye. Haya, niambieni: ungekuwa wewe ndiye mama yule, picha ungemkabidhi nani?